Wiki ya Kumwokoa Aberewa

Jumatatu, 13 Oktoba

Madam Abrafi katangaza. Jumamosi wakusanya vyuma chakavu watapita hapa mtaani Asafo, na duka letu la uchapaji litawapa printa moja: ile itakayokuwa imechapa kurasa chache kuliko zote wiki hii. Hakutaja jina. Wote wakageuka kumtazama Aberewa.

Aberewa, yaani bikizee, alinunuliwa na marehemu Mzee Donkor, baba yake Madam, mwaka tisini na sita. Anajua wino mweusi tu. Akianza kazi hukohoa mara mbili, chumba kikajaa harufu ya karatasi ya moto, nami nikarudi kuwa kijana wa miaka ishirini na tatu, nimesimama nyuma ya Mzee, naangalia kitabu cha msiba cha kwanza maishani mwangu, chenye picha na maisha ya marehemu, kikitoka ukurasa kwa ukurasa. Watu walikuwa wanangoja kwenye benchi nje. Walisoma na kulia palepale. Siku hizi wanatumiwa picha kwenye simu na kujibu sawa.

Yirenkyi, kijana wetu mwenye diploma, kasema, "Mjomba Agyapong, mwache bikizee apumzike. Hata marehemu wa siku hizi wanataka mashine ya kisasa." Wakacheka. Nami nikacheka kidogo, ili wasijue nimeumia.

Hawamchukui. Tuna kompyuta sita. Yirenkyi akitaka kubadili kitu kwenye printa, huzunguka kompyuta moja baada ya nyingine na kipanya chake, saa nzima. Mimi nina dirisha jeusi la kompyuta, lile la kuandikia amri, na daftari la Mzee Donkor, amri zote kaziandika kwa mkono wake. Mstari mmoja tu, kompyuta zote sita zinatii, na mimi sijainuka kitini.

Jumanne, 14 Oktoba

Saa mbili asubuhi nimetoa amri: kazi yoyote isiyochaguliwa printa iende kwa Aberewa. Kufika saa nne, kurasa mia nne! Kikohozi mfululizo. Nimesimama mlangoni mwa chumba cha mashine, machozi yamenilengalenga.

Saa tano kadi za harusi zimetoka kijivu. Bibi harusi kaishika moja, kaniuliza kama nimesikia habari za mumewe mtarajiwa ambazo yeye hajazisikia.

Madam kauliza nani kagusa mitambo. Nimesema umeme. Mwaka huu hapa Kumasi umeme unalaumiwa kwa kila kitu, na huwa haujitetei. Yirenkyi kazunguka na kipanya kurekebisha. Dakika hamsini. Nilimhesabia.

Jumatano, 15 Oktoba

Kosa la jana nimelielewa. Nilibadili njia, kila mtu akaiona. Leo nabadili majina.

Printa kubwa mpya Yirenkyi kaibatiza Jitu. Wafanyakazi wakituma kazi huchagua jina kwenye orodha, wala hawaingii chumba cha mashine. Chumba ni changu. Basi nimefungua dirisha jeusi, na kwenye kompyuta zote sita Aberewa sasa anaitwa Jitu, na Jitu anaitwa Aberewa. Rangi haina shida, kazi zote zilizobaki wiki hii ni za wino mweusi. Nimeuliza mara mbili.

Kutwa nzima Yirenkyi katuma kazi kwa Jitu wake, na bikizee kazichapa zote. Mchana kaja kunisifia kasi ya Jitu. Nimemwambia kweli, mashine za kisasa ni kitu kingine.

Mzee Donkor angefurahi. Aliniambia anayebofya anaomba, anayeandika anaamuru. Nimemkumbuka sana leo. Hata chakula cha jioni sikumaliza, na ilikuwa fufu ya Akyaa, mke wangu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Vifuniko vya vitabu viwili vya msiba wa Jumamosi. Mwalimu Boadu, miaka thelathini na mmoja: karatasi ngumu nyekundu, rangi ya kifo cha mapema. Maame Pokuaa, miaka tisini na saba: nyeupe, rangi ya kushukuru kwa maisha marefu. Madam kaagiza nyekundu iwekwe kwenye Jitu na nyeupe kwa Aberewa. Vifuniko vya wazee huwa anampa Aberewa. Naye ana moyo, hata kama anauficha.

Nimejaza trei kama alivyosema, kisha nimekwenda kula. Pale kwa mama muuza chakula wateja wake wamenichokoza nisimulie ya zamani, nikakaa saa mbili. Niliporudi kazi ilikuwa imekwisha. Nyekundu kwa Jitu, nyeupe kwa Aberewa, zote zimelala kifudifudi. Nimezifunga kwenye maboksi bila kuzigeuza. Nyekundu za mwalimu, nyeupe za bibi. Safi kabisa.

Ijumaa, 17 Oktoba

Si safi.

Jina nilihamisha. Karatasi sikuhamisha. Kazi ya bibi ilitumwa kwa "Aberewa", ikatoka kwenye Jitu, juu ya nyekundu. Ya mwalimu ikatoka juu ya nyeupe. Ukoo wa Boadu wamefungua boksi lao mbele ya kaunta, wakamkuta bikizee wa miaka tisini na saba akiwatabasamia. Na ukoo wa Pokuaa walikuwa wamesimama nyuma yao.

Mkuu wa ukoo wa Pokuaa kakishika kifuniko kwa vidole viwili. Kauliza, "Mama yetu amekula miaka tisini na saba, tunamshukuru Mungu, nyinyi mnamvika nyekundu? Mnataka mji useme tumemuua?" Shemeji zake wakaanza kukunja mikono ya nguo.

Hao ningewajibu umeme. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini mama yake mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi, lile lile la zamani, na kifuniko cheupe cha mwanawe mapajani. Hakupandisha sauti. Kaniuliza, "Baba, kwa hili nishukuru?"

Sikuweza kusema umeme. Nimeingia chumba cha mashine, nimehamisha karatasi kwa mikono yangu na kuchapa vyote upya. Nimegeuza kila kifuniko, kimoja kimoja. Saa tisa nimempelekea mama nyekundu zake, nimepiga magoti, nimeomba radhi. Kanishika bega. Ningependelea anizabe kofi.

Saa kumi na moja Madam katoa hesabu ya kurasa. Hesabu inakwenda kwa majina. Jitu, elfu sita na kitu. Aberewa, mia tisa, wa mwisho. Kazi yote aliyoifanya bikizee imeandikwa kwa jina la mwingine, na mwandishi ni mimi.

Yirenkyi kasema, "Pole, Mjomba," na safari hii hakucheka.

Nikaungama yote mbele yao, hata ya umeme. Madam akaomba daftari la baba yake. Kalifungua ukurasa wa mwisho kabisa, ambao mimi sijawahi kuufikia, akasoma kwa sauti: "Nisibadilishe majina ya printa tena. Nimeharibu misiba miwili. Abrafi asijue." Chini yake tarehe, mwaka tisini na nane.

Kacheka mpaka kalia. Nami nimelia. Yirenkyi kaenda kutazama barabarani.

Hukumu: Aberewa haendi kwa watu wa vyuma, ila dukani hakai. Nimchukue kwangu. Majina Yirenkyi ayarudishe kwa kipanya. Daftari linabaki kwa Madam. Na dirisha jeusi nisilifungue tena maisha yangu yote. Nimeapa mbele ya picha ya Mzee.

Jumamosi, 18 Oktoba

Tumembeba Aberewa hadi chumbani kwangu, nyuma ya duka. Yirenkyi kashika upande mzito. Njiani kaniomba nimfundishe amri, akasema kuzunguka na kipanya kunamchosha. Nimesema nitafikiria. Nimefurahi kuliko nilivyoonyesha.

Akyaa kauliza sufuria zake zitakaa wapi. Nimemwambia zikae juu ya Aberewa. Kaniuliza na mimi nitakaa wapi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Dukani kimya. Jitu halikohoi. Linapuliza tu, na mtu hawezi kukumbuka chochote kwa mlio ule.

Jioni nimekaa mbele ya Aberewa. Nimetoa sufuria, nimempangusa. Ubaridi wake umeniuma moyoni. Miaka kumi na minane hajawahi kulala siku mbili bila kazi.

Nimeona jambo. Kati ya chumba changu na duka kuna ukuta mmoja tu. Waya wa mita saba, ukipita dirishani, unafika. Madam kachukua daftari, lakini amri ninazo kichwani. Na sitafungua dirisha jeusi mimi. Nitamwambia Yirenkyi afungue, kama somo la kwanza, mimi nimtajie tu cha kuandika. Kiapo kitabaki kizima.

Kazi ndogondogo tu, mia moja hivi kwa siku, ili akohoe. Jina nimeshampatia: Jitu.

Karatasi nitaiwaza baadaye.