Nusu Kilo ya Udongo Mbovu

Tegeni masikio, enyi mliopata kuinamia jembe na ninyi mliolikwepa, niwasimulie vita nilivyopigana katika robo eka iliyo nyuma ya jiko langu, mimi Mshindi wa Madarasa ya Jioni, mwenye vyeti vitatu ukutani na miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutafutia ile ya kwanza.

Mjukuu wangu wa kike alipochagua kusomea agronomia chuo kikuu, nilimwuliza mbele ya ukoo mzima kama jembe nalo sasa linahitaji digrii. Hakukasirika. Alinihesabia kazi kwa vidole: kushauri wakulima, kukagua mbegu, kutafiti mazao mapya, kusimamia umwagiliaji, na ile aliyoitamani kuliko zote, maabara ya udongo. Nikarudi kitini kama mfalme aliyeishiwa askari.

Mwaka wa tatu kila mwanafunzi alitakiwa kupima udongo wa kwao, na mwenye ripoti bora angechukuliwa na maabara hiyo kwa mafunzo ya kazi. Yeye akiwa kwenye mitihani, aliniachia maelekezo ukurasa mzima ya namna ya kuuchukua. Nikayatia mfukoni bila kuyasoma. Udongo wetu kwenda kutazamwa na wasomi, nami niupeleke ule uliopauka? Niliona aibu, kama mtu anayempeleka mtoto kupigwa picha bila kumnawisha uso. Basi nikauchota wote chini ya banda la zamani la kuku, mweusi, laini, nikauchekecha kwa chekeche ya unga ya mke wangu.

Wiki mbili baadaye mjukuu alirudi amenywea. Vipimo vilisema shamba letu halihitaji mbolea hata chembe, ilhali picha aliyoiambatisha ilionyesha mahindi yenye majani ya manjano, yanayonifika gotini. Mhadhiri alimpa hadi Ijumaa aeleze, la sivyo ripoti yake itawekwa kando.

"Babu, au nimekosea kupima?" aliuliza. "Maana udongo umeuchukua wewe, na wewe hukosei."

Hapo nilichomwa mkuki ambao hakuna cheti cha kuukinga. Nikakohoa. Nikasifu hali ya hewa. Mke wangu, aliyekuwa akikunja nguo, akasema bila kuinua kichwa, "Mwambie habari ya banda la kuku, mzee, kabla sijamwambia mimi. Chekeche yangu inanuka mpaka leo."

Nikasimama, mkono kifuani. "Mjukuu wangu, mwanamume huyu unayemwona, aliyeipanda ngazi ya elimu mvi zikiwa zimeshamwota, alikupa samadi."

Alicheka hadi akakaa sakafuni. Kisha akaacha kucheka, akanikabidhi jembe. "Sasa ile karatasi, Babu. Isome. Kwa sauti."

Nikasoma, nikavaa mabuti, nikaingia uwanjani. Mashimo kumi na tano, kwa kupinda huku na huku, shamba zima! Katika la nne siafu walinivamia kwa vikosi. Katika la tisa nilipambana na jiwe lililokuwapo kabla ya babu zangu. Katika la kumi na moja kiuno kiliomba suluhu, nikakikatalia. Naye alipima kila shimo kwa rula, na mara mbili akatikisa kichwa: "Hilo halijafika sentimita ishirini." Nami, niliyepata kuwa kiongozi wa darasa, nikachimba tena. Udongo wa mashimo yote tukauchanganya, tukapima nusu kilo ya kupeleka.

Vipimo vipya vilisema udongo wetu ni mchachu, una njaa, unataka chokaa ya kuupunguzia uchachu. Aliandika yote katika ripoti, pamoja na kosa la kwanza, akilitaja kuwa la "mchukua sampuli mwenye kujiamini sana." Mhadhiri alisema ukurasa huo ndio bora kuliko yote. Maabara ikamchukua.

Basi na iandikwe, na wajao waisome: siku ya Jumatano, kabla jua halijawa kali, nusu kilo ya udongo mbovu ilitoka nyumbani kwangu, lebo yake nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, wala haikuongezewa kitu.