Babu na Kisima cha Mtaa

Jumatatu, 4 Machi
Asubuhi mawingu, upepo wa vumbi. Chama chetu cha Historia ya Mtaa kimenunua fremu kubwa. Itawekwa picha ya aliyechimba kisima. Kinyozi anadai ni babu yake. Mimi nadai ni babu yangu. Kisima kilishafukiwa, hakiwezi kubisha. Kama katibu, nimepitisha kanuni: habari isiyo na mashahidi wawili ni uvumi. Kinyozi anaye mmoja tu, yeye mwenyewe. Pole yake!

Jumanne, 5 Machi
Jua. Nimekwenda kwa shangazi, kitinda mimba wa babu, kumweleza aliyoyaona utotoni. Akasema hakumbuki. Nikamwambia ndiyo maana nimekuja. Akaomba viatu. Shahidi wa pili ni wifi yangu. Yeye kaolewa hapa juzijuzi, lakini ana uso wa kuaminika.

Jumatano, 6 Machi
Joto. Mazoezi ya ushahidi na shangazi. Jana babu alichimba wiki nzima. Leo kachimba usiku mmoja, kwa mikono mitupu! Nikamsihi shangazi apunguze. Akasema, "Mwanangu, hadithi bila chumvi nani ataimeza?"

Ijumaa, 8 Machi
Mvua. Mkutano umejaa. Shangazi, viatu vipya, alianza vizuri. Watu wakapiga makofi. Makofi ndiyo yaliyoniponza. Akanogewa. Akasema marehemu alikuwa na vituko: aliwahi kuiba ndoo ya kisima, akaificha uvunguni, mtaa mzima ukalala na kiu. Vicheko! Mwenyekiti akauliza ndoo ilikuwa ya nani. "Ya mchimbaji mwenyewe," akajibu shangazi, "babu yake huyu kinyozi."
Nikamkanyaga mguu. Akalalamika kwa sauti kwamba namchafulia viatu.
Kinyozi alikuwa keshasimama. Akathibitisha: babu yake alimkimbiza babu yangu hadi relini! "Mashahidi wawili, dada katibu. Andika!"
Wifi alikuwa anacheka, machozi yanamtoka.
Nikaandika. Kisima: babu wa kinyozi. Wizi: babu yangu.

Jumamosi, 9 Machi
Anga safi. Picha imetundikwa. Babu wa kinyozi ana masikio makubwa mno kwa mchimbaji.
Nimetafakari. Kama ndoo ilikuwa ya babu yangu, hakuiba, alichukua chake. Na kisima bila ndoo ni shimo tu. Kwa hiyo maji ya mtaa huu yaliletwa na nani? Chama kitahitaji fremu ya pili. Wifi amekataa katakata kuwa shahidi. Shangazi, Mungu ambariki, ameanza kuikumbuka ndoo vizuri sana. Anataka mkoba wa kuendana na viatu.
Nalala saa nne na robo, moyo mweupe.