Njia ya Misafara Sebuleni Kwetu

Jumatatu, 14 Julai 2025
Balaa! Bi Koleta wa mipango miji anataka kuifufua njia ya zamani ya misafara, watalii waitembee kama walivyoitembea wapagazi. Ramani yake inaipitisha mlangoni kwa Majidi. Majidi jirani, muuza kahawa mwenzangu, ambaye kahawa yake ni maji ya kuoshea vikombe! Amekwisha paka ukuta chokaa. Haiwezekani. Njia itahama.

Jumatano, 16 Julai
Mama kaenda msibani. Nimechimba kizingitini kwetu, nikafukia shanga za kale (za kale tangu jana, sokoni). Aliporudi nikamdokezea mambo ya njia. Akasema babu alijenga kando makusudi, akikimbia vumbi, na nyumba hii ndiyo aliyomwachia, hana nyingine. Wazee hawaoni mbali.

Ijumaa, 18 Julai
Nimewaita watu wa Bi Koleta, wamechimba kizingitini. Wamezipata! Moja bado ina uzi wa nailoni, nikaimeza. Nikaapa mbele ya Bi Koleta kwamba misafara ilipita hapa hapa, tena kwa upana. Akanishukuru. Majidi hakuitikia salamu yangu. Raha iliyoje!

Jumanne, 22 Julai
X nyekundu. Ukutani kwetu! Shanga zilikuwa kizingitini, basi njia inapita kizingitini, sebuleni, kitandani kwa mama. Nilikimbia kukiri. Bi Koleta akasema kwa upole kwamba kila mwenye X huja kukiri. Jana mmoja alimkana babu yake mzaa baba.

Alhamisi, 14 Agosti
Wamebomoa. Mama alikaa juu ya kitanda chake katikati ya njia, hataki kuinuka, hadi Majidi alipomletea kahawa na kumshika mkono. Amekwenda Urambo kwa dada yangu Asmahani. Nilimwamkia shikamoo akipanda gari. Akapandisha kioo. Tangu nizaliwe sijanyimwa marahaba ya mama. Nimelia.

Jumapili, 7 Septemba
Nalala stoo kwa Majidi. Leo watalii wa kwanza: wawili. Wameisifu kahawa yake. Mmoja akauliza pale peupe palikuwa na nini. Mwongozaji akajibu hapajawahi kuwa na kitu, ni njia tu tangu zamani. Moyo umeniuma.

Asmahani kapiga simu. Mama anaumwa, hali chakula. Niende nikamwombe radhi mapema. Nakwenda kesho. Anasema huko hawajawahi kumwona mtalii. Ajabu! Misafara ya Ujiji si ilielekea huko huko? Na mlango wa Asmahani unatazama magharibi kabisa. Mama atafarijika.

Shanga zimebaki nusu kopo. Nimezitia mfukoni.