Mwenye Nyumba wa Chini ya Ngazi

Jumamosi, 4 Oktoba

Leo nimekuwa mwenye nyumba. Yaani, nyumba ni ya mama, lakini utawala ni wangu. Sisi tumehamia chini. Ghorofa ya juu tumempangisha Bi Wairimu, muuguzi kutoka Nyeri. Mpangaji wetu wa kwanza! Mama ameonya: akituhama kabla ya mwezi kwisha, juu atahamia Ami Ridhwani, ndugu wa baba, kutoka Chundwa, na kuku wake kumi na wanne. Ami hulala saa mbili usiku na huzima taa za nyumba nzima. Kwa hiyo haondoki mtu.

Tatizo dogo. Siwezi kusema na mtu nisiyemjua, sauti hukauka. (Wewe shajara peke yako ndiye unayejua kuwa alipofika na masanduku yake nilijificha jikoni.) Lakini nina mwandiko mzuri na lugha mbili. Nimebandika matangazo saba, Kiswahili kushoto, Kiingereza kulia. Viatu. Mlango mkubwa. Kuanika nguo. Hakuna nililosahau.

Jumapili, 5 Oktoba

Binamu Mahir amekuja kukagua. Kwao wamepangisha miaka mitatu, basi anajiona bingwa. Akauliza kama nimeshamwamkia mpangaji. Nikamwonyesha matangazo. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema mtaa mzima wa Mkomani hajaona mwenye nyumba anayeogopa ngazi zake mwenyewe. Wivu tu. Mwandiko wake ni kama njia ya siafu.

Jumatano, 8 Oktoba

Janga! Bi Wairimu ametoa samaki wa birika, lile tangi la mawe la bafuni juu. Wale wadogo watatu tunaowafuga kwenye maji ya kuogea ili wale viluwiluwi vya mbu. Amu nzima, kisiwa chote cha Lamu, nani hajui? Sikuandika tangazo kwa sababu hakuna anayeandika kwamba jua huchomoza.

Alimsimulia mama kwa furaha. Aliwakuta wamekwama mle, masikini, akawabeba kwa kopo hadi gatini akawarudisha kwao. Baharini. Samaki wa maji ya kisima! Mama akanitazama. Mimi nikatazama boriti.

Nikatumwa nipande nikamweleze. Nilifika kipandio cha nne. Nikarudi nikaandika Tangazo la Nane. Nilipolisoma lilisikika kama mashtaka ya mauaji. Nikalichana.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mbu. Bi Wairimu, ambaye kazi yake ni kufundisha watu kujikinga na mbu, ameshuka uso mzima una vipele. Kwa upole kabisa amemwambia mama kwamba mambo yakiwa hivi hadi Jumapili, atatafuta nyumba nyingine. Nilisikia yote nikiwa nyuma ya mlango. Nikasikia na kuku, kwa mbali.

Lakini nina mpango. Akiwa kazini Jumamosi, nipande, nitie samaki wapya, nishuke. Hatajua kitu. Mahir amekubali kunipa watatu wa kwao, sharti nimwite Bwana Mahir wiki nzima. Nimevumilia, kwa heshima ya nyumba.

Jumamosi, 18 Oktoba

Sikupiga hodi. Ya nini, na chumba hakina mtu? Nimeinama juu ya birika, mfuko wa samaki mkononi, mlango ukafunguka. Zamu yake ilibadilishwa! Akapiga ukelele. Nami nikapiga wangu. Samaki mmoja akaponyoka, tukamkimbiza sakafuni wote wawili.

Tulipomrudisha majini akauliza mimi ni nani. Nikanyoosha kidole kwenye Tangazo la Tatu, pale chini palipoandikwa: Mwenye Nyumba.

"Ni wewe? Siku zote nilidhani ni mzee fulani mkali, mgonjwa, hatoki kitandani."

Mama akapanda akihema, akamweleza habari ya samaki kwa maneno kumi. Mimi ningeweza. Bi Wairimu akakaa ukingoni mwa birika.

"Wale watatu niliwaua, sivyo?"

Kisha akanigeukia.

"Nitakaa. Lakini hizi karatasi zote toa. Ukiwa na neno, panda, piga hodi, uniambie kwa mdomo."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mwanangu," akasema mama, "kanwa huna? Mjibu kwa mdomo."

"Ndiyo," nikasema. Neno zima!

Jumatatu, 20 Oktoba

Siku ya Mashujaa, hakuna shule. Mimi ni mtu mpya. Matangazo yote nimebandua. Mama amenipa sahani ya mahamri nimpelekee Bi Wairimu, na hodi ni neno dogo. Nimelifanyia mazoezi mara ishirini chini ya ngazi. Nikapanda vipandio vyote kumi na vitatu. Nikasimama mlangoni. Mahamri yakapoa.

Basi nikaweka sahani chini, nikatoa kalamu, nikapenyeza karatasi chini ya mlango. HODI. Kiswahili kushoto, Kiingereza kulia, herufi zimenyooka kama za kuchapwa.

Na chini nimemwachia mstari wa kujaza "karibu".