Lori la Baba Limekuwa Mzinga

Sikonge, Tabora
Alhamisi, 2 Septemba 1954

Kwa Bwana Mkaguzi wa Magari,
Tabora.

Bwana Mheshimiwa,

Tarehe nimeiandika hapo juu kwa usahihi, na sasa naahidi kukueleza yote, pamoja na yale ambayo Baba angependelea niyaache. Mwalimu Tekla, anayetufundisha Kiswahili, husema kwamba barua ya malalamiko ikificha jambo moja, yaliyobaki hayaaminiki.

Mimi ni Leonia binti Modest, mwanafunzi wa shule ya wasichana ya misheni hapo Tabora. Shule inafunguliwa Jumatatu. Nakuandikia juu ya lori la baba yangu, nami naomba, kwa heshima zote, uje ulitamke rasmi kuwa si gari.

Ili usidhani nina chuki na mzazi wangu, nieleze kwanza lori lilivyokuja. Muhula uliopita nilikwenda shule juu ya gari la mfanyabiashara mmoja, nikiwa nimekaa kwenye mafurushi ya tumbaku. Katikati ya njia alikutana na watu wenye nta ya kupeleka stesheni. Nafasi ilikuwa ndogo, akanishusha mimi na sanduku langu, akapakia nta. Alinieleza kwa upole kwamba nta haili chakula njiani. Nilirudi nyumbani kwa miguu, sanduku kichwani, na Baba aliponiona naingia uani alikuja kunitua sanduku.

Baada ya hapo akauza ng'ombe, akasafiri mpaka Urambo, akarudi na lori kuukuu la dizeli lililofanya kazi kule wakati wa mashamba ya karanga. Jumapili iliyofuata alisimama nje ya kanisa mbele ya watu wote akasema, "Mwanangu hatashushwa tena kwenye gari la mtu. Nitampeleka shule kwa gari langu, au hatakwenda." Yale maneno mawili ya mwisho hakuyapanga, yalimtoka tu. Lakini watu waliyasikia, na baba yangu si mtu wa kurudisha neno lake.

Bwana Mkaguzi, lori lilipofika lilikuwa lori. Malalamiko yangu yanahusu yaliyotendeka baadaye, nayo ni haya:

1. Moshi. Dereva wetu ni Bwana Mabruki wa Ipuli, fundi hodari wa injini, mtu wa mjini. Aliona bomba la moshi limepita chini, karibu na majani makavu, akahofia litachoma msitu wakati huu wa kiangazi. Akalikata, akalipandisha juu nyuma ya kichwa cha lori. Wazo lilikuwa jema, ila bomba alilopata lilikuwa fupi, akalipinda mdomo kuelekea nyuma. Sasa moshi wote, ambao ni mweusi na mzito kwa kuwa injini ni ya zamani, huingia moja kwa moja ndani ya bodi. Kuku aliyekuwa mweupe alilala humo mara moja tu, na mpaka leo mama hamtambui. Sare yangu ya shule ni nyeupe. Baba anauonea aibu moshi huu kiasi kwamba wageni wakija, lori haliwashwi.

2. Honi. Honi ya lori ilikufa huko huko Urambo. Bibi yangu, Eustadia, akatoa barugumu la marehemu babu, la pembe ya tandala. Babu alikuwa mpagazi wa misafara ya kwenda pwani, na barugumu hilo ndilo lililokuwa likiwaamsha wenzake. Sasa limefungwa kwa ugwe ndani ya lori, na mimi ndiye niliyeteuliwa kulipuliza kwenye kila kona na kila kijiji. Nimejaribu. Linatoa sauti ya ng'ombe mwenye habari mbaya. Sijui nitaeleza nini Mwalimu Tekla akinisikia nikiingia mjini.

3. Bodi. Hapa ndipo mambo yalipoharibika. Bodi la chuma lilikuwa limeoza, na fundi seremala aliyekuwa karibu ni Mzee Kornel. Yeye ni seremala kweli, lakini maisha yake yote ametengeneza mizinga ya nyuki tu. Alijenga bodi la mninga, zuri, imara, hata anayepita njiani husimama kulitazama. Lakini kuta zake alizifanya za mbao mbili mbili, na katikati akaacha uwazi, akisema mizigo itapata ubaridi. Kisha akaupaka uwazi huo nta kwa ndani, akisema mvua haitapenya. Mwisho akatoboa tundu dogo upande wa mashariki. Baba alipomwuliza tundu ni la nini, Mzee Kornel alilipima kwa kidole, akajibu kwamba hajawahi kutengeneza kitu kisicho na tundu.

4. Kambi ya kwanza. Jumamosi iliyopita lori lilikuwa tayari kwa safari ya majaribio kuja kwako kukaguliwa. Majirani walikuja, ngoma ilipigwa, mimi nilipuliza barugumu, Mabruki akaondoa lori. Bibi alikuwa amekwisha kutoa amri. Zamani, anasema, hakuna msafara uliokwenda mbali siku ya kwanza. Waliondoka kwa shangwe, wakapiga kambi pale pale nje ya mji, ili aliyesahau kitu akifuate na aliyebadili nia arudi bila fedheha. Kwa hiyo lori lilipita nyumba ya mwisho, likaingia kwenye msitu wa miyombo, likasimama mahali walipolala wapagazi wa enzi ya babu. Mabruki alilalamika kwamba injini haijapata hata joto. Baba naye alitaka kubisha, ndipo alipokumbuka kwamba pipa la dizeli ya safari amelisahau nyumbani. Bibi alikaa tu, akavuta kiko. Na kwa kuwa kesho yake ilikuwa Jumapili, lori likabaki kambini mpaka Jumatatu.

5. Nyuki. Bwana Mkaguzi, miyombo imeanza kutoa maua. Chukua sanduku kubwa la mninga, lipake nta ndani, litoboe tundu upande wa mashariki, uliache msituni wakati huu wa mwaka. Sina haja ya kuendelea. Jumatatu asubuhi walikuwa wamehamia, kundi zima, ukuta wa kulia wote unavuma.

Huenda ukauliza kwa nini hawakufukuzwa. Hujaishi Sikonge. Kwetu nyuki waliokuja wenyewe hawafukuzwi. Bibi anasema ni wageni. Baba anasema ni wake kwa kuwa lori ni lake. Mzee Kornel anasema ni wake kwa kuwa mzinga aliutengeneza yeye, na haruhusu ubao hata mmoja ung'olewe, maana ana mizinga mingine juu ya miti iliyongoja mwaka mzima bila kupata hata nyuki mpotevu, na hili lori limepata kundi kwa siku mbili. Sijawahi kumwona mzee mwenye furaha kama ile. Huja kila alasiri, husimama mbali kidogo na lori, na kulisifu. Naye Mabruki amekataa kukaribia usukani. "Mimi nimesomea injini, Mzee Modest," alisema. "Mifugo sikusomea." Akaenda kulala.

6. Mimi. Leo ni siku ya sita lori liko msituni. Baba Padre ana gari linalokwenda Tabora kesho, na mama amethubutu kulitaja wakati wa chakula. Baba aliweka tonge chini. Alisema mtu akishasema mbele ya kanisa zima, hawezi kwenda kuomba nafasi kwenye gari la kanisa hilo hilo. Ana haki. Lakini Jumatatu shule itafunguliwa, na nafasi yangu haitangoja. Wako wasichana wanaoitaka. Nimefunga sanduku langu, nimelifungua, nimelifunga tena.

Sasa nifikie ombi langu, ambalo nimelipanga kwa hoja.

Kitu kikitengenezwa na fundi mizinga, kikapakwa nta, kikawa na tundu, na nyuki wakakaa, sisi sote huku hukiita mzinga. Magurudumu hayabadilishi neno. Mzinga wetu una magurudumu sita na taa mbili, na hilo ni pambo tu. Mzinga hauhitaji breki, wala namba, wala dereva. Ndiyo kusema Bwana Mabruki si dereva, ni mfuga nyuki, na anapaswa kuambiwa, ingawa naomba aambiwe polepole. Ndiyo kusema pia kwamba wewe, Bwana Mkaguzi, huwezi kulikagua, kwa sababu wewe ni wa magari.

Na kama Baba hana gari, basi pale kanisani aliahidi kwa kitu ambacho hakipo, na mtu hafungwi na kitu ambacho hakipo.

Kwa hiyo naomba uje mwenyewe, ulitazame kutoka mbali, kisha uandike cheti chenye mhuri kinachosema hivi: kwamba Modest wa Sikonge alinunua gari kwa nia safi, kwamba gari hilo limegeuka mzinga bila kosa lake, na kwamba hajavunja neno lake kwa yeyote, hivyo binti yake anaweza kupakiwa kwenye gari lolote, au nyuma ya baiskeli, bila aibu kumpata mtu. Mhuri uwe mkubwa kidogo. Baba huheshimu mhuri. Na ikiwezekana kisomwe nje ya kanisa, baada ya Misa, mahali pale pale aliposimama yeye.

Ukiona inafaa kuyaondoa magurudumu kabisa, mimi sitapinga.

Nakusalimu wewe na makarani wako, na mkeo na watoto kama wapo huku. Baba anakusalimu, ingawa hajui kwamba nimekuandikia. Mama anakusalimu, yeye anajua. Bibi Eustadia anasema shikamoo ni yako kumpa yeye, naye ameitikia tayari, marahaba. Mzee Kornel anauliza kama kuna mtu mjini anayehitaji bodi.

Mimi mwenye kuomba kwa unyenyekevu na kwa haraka,
Leonia binti Modest

Nyongeza:
Tabora, Jumapili jioni, 5 Septemba

Bwana Mkaguzi, tafadhali usije Sikonge. Na kama bado hujafika mwisho wa ukurasa huu, usitazame nje dirishani.

Mwalimu Tekla alitufundisha kusoma barua kwa sauti kabla ya kuifunga. Ijumaa nilimsomea Bibi. Nilisoma malalamiko ya kwanza, nikaendelea vizuri mpaka ya tano, na hapo nikaweka kidole kwenye neno nyuki. Nikarudi kusoma ya kwanza, ile ya moshi. Bibi alitoa kiko mdomoni, akasema, "Kamwite baba yako." Huku kwetu hata mtoto anajua kwamba moshi huwatuliza nyuki. Lakini moshi tunaoutumia ni wa magome na majani. Huu wa dizeli tulikuwa tumeuhesabu kuwa aibu, hatukuuhesabu kuwa moshi.

Ilibidi nimsomee Baba barua yote, hata habari ya magurudumu. Alisikiliza akitazama chini. Nilipomaliza aliniuliza kama kweli Jumatatu haiwezi kungoja. Nikamwambia haiwezi, Baba. Akaenda kumwamsha Mabruki.

Mabruki alikubali akiwa amejifunga mablanketi yote ya Bibi, macho tu yakionekana. Lori lilikohoa mara nyingi, halafu wingu jeusi likaingia bodini kama lilivyozoea. Ukuta wa kulia ulivuma kwa nguvu, kisha kwa upole, kisha ukanyamaza. Mzee Kornel aliuwekea sikio, akacheka peke yake. Jana jua lilipozama na nyuki wote wameingia, aliziba tundu kwa kitambaa chepesi cha kupitisha hewa. Leo asubuhi, baada ya Misa, lori lilipita mbele ya kanisa polepole kuliko ilivyohitajika.

Nilikaa mbele, kati ya Baba na Mabruki, nikapuliza barugumu mpaka midomo ikavimba. Njiani tulimkuta yule mfanyabiashara wa nta, gari lake limekatika springi. Akaomba apandishwe. Baba alimwamkia vizuri, akamwambia nafasi ipo, nyuma, na upande wa kulia ndio wenye ubaridi. Yule bwana alitega sikio kwenye ubao, akasema atasubiri. Tulimwachia maji na viazi.

Sare yangu ilikuwa sandukuni, ni salama. Pua yangu ni nyeusi, lakini nimefika, na sikushushwa mahali popote.

Kesho asubuhi Baba atalileta lori ofisini kwako likaguliwe, na barua hii ataibeba yeye, kwa sababu anasema tusifiche jambo. Kuhusu nyuki kuna ubishi: Baba anataka waandikwe mizigo, Bibi anasema ni abiria, maana hawakubebwa na mtu, wamepanda wenyewe. Andika utakavyoona. Nakuomba tu usimlazimishe Bwana Mabruki kulirefusha lile bomba, na cheti nilichokiomba kule juu, cha kwamba lori si gari, tafadhali kichane.

Badala yake nina swali moja, nalo naomba unijibu kwa posta ya kwanza, kupitia kwa Mwalimu Tekla: je, leseni utakayompa Baba itadumu mpaka Desemba, shule itakapofungwa, ili aje kunichukua kwa lori lake mwenyewe?