Skii Mpya za Kumvusha Bibi Harusi

Jumatatu, 25 Machi

Nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri. Jua kali. Habari kubwa! Kaisla anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo, katika kanisa dogo ng'ambo ya ziwa. Huko hakuna barabara mpaka theluji iyeyuke, kwa hiyo lazima mtu amvushe juu ya barafu kwa pikipiki ya theluji. Mtu huyo ni mimi, Oiva Raappana. Kaisla mwenyewe bado hajajua.

Ni mtoto wa marehemu dada yake mke wangu Sirkka. Baba yake naye alishatangulia. Tumemlea sisi, na mimi ndiye baba yake mdogo. Lakini kuna mjomba, Kalervo, kaka yake Sirkka, mwenye pikipiki mpya na meno mazuri. Leo kwenye kahawa kajitolea kabla sijameza mkate wangu wa iliki. Kaisla akasema atapanda na yule ambaye pikipiki yake haiyumbi. Atatujaribu siku ya Pasaka: yeye nyuma, kikombe cha kahawa mkononi. Asiyeimwaga ndiye.

Tatizo: yangu inayumba. Ikiona mfereji ulioachwa na pikipiki nyingine, inaufuata kama mbwa aliyenusa mfupa. Juzi ilinipeleka mpaka uani kwa mchungaji, nami nilikuwa nakwenda dukani.

Dawa yake naijua. Skii mpya za mbele, vile viatu virefu ambavyo pikipiki hutelezea! Si zile ambazo pikipiki ilizaliwa nazo, bali za mafundi wengine: pana, zenye uti chini unaong'ata theluji. Sirkka akauliza kama nimetazama zile kucha za chuma chini ya skii za zamani, maana huenda zimelika. Nikamwambia huu si wakati wa kutazama chini. Ni wakati wa kutazama mbele.

Jumatano, 27 Machi

Nimezipata! Eetu wa kijiji cha pili anauza jozi aliyoitumia msimu mmoja tu. Rangi yake ya chungwa, kama beri za kinamasi zilizoiva. Bei yake ya kumtoa mtu machozi. Nikamuuliza, mbali na pesa, ni kitu gani kinamkosesha raha duniani. Akasema anajenga sauna, chumba cha kuogea mvuke, na imebaki jiko tu.

Jiko! Tunalo moja, jipya, limelala stoo ndani ya boksi. Sirkka alilinunua kwa ajili ya sauna ya ziwani. Lifungwe lini? Hajasema. Kitu kisichotajiwa siku yake hakina haraka.

Tumebadilishana. Boksi nimelirudisha mahali pake, limejaa kuni. Uzito uleule! Utepe nimeubandika vizuri kuliko walivyoubandika kiwandani.

Skii nimezifunika blanketi bandani. Kila nikipata kisingizio nakwenda kuzichungulia. Sirkka anashangaa nimekuwa mtu wa kufagia banda.

Ijumaa Kuu, 29 Machi

Sirkka kanisani, mimi bandani. Kufunga skii ni boliti moja kila upande. Kuna kipande cha mpira kinachokaa kati ya skii na mguu wake, huku kinene, huku chembamba. Karatasi ya maelekezo imeandikwa kwa lugha nne. Sikuhitaji hata moja.

Nikatoka. Kalervo alikuwa uani kwake akisukuma theluji kwa beleshi. Vizuri! Aone. Nikaongeza moto. Ncha za skii zikainama kama kuku anayedonoa, zikazama. Pikipiki ikasimama. Mimi nikaendelea. Nilipita juu ya usukani, nikapita juu ya uzio, nikatua kwenye rundo ambalo Kalervo alikuwa ndio kwanza amelipanga.

Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akaizunguka pikipiki, akachuchumaa.

"Shemeji," akasema, "mpira umeuvalisha kinyumenyume. Unene unakaa nyuma ili ncha iinuke. Wewe umeuambia uizike."

Nikamjibu kwamba nilikuwa najaribu breki. Akaleta spana, akaugeuza upande huu na upande ule, akarudi kwenye theluji yake. Mtu mbaya sana, Kalervo. Hamwachii mwenzake hata nafasi ya kumchukia vizuri.

Lakini baada ya hapo! Nilivuka ziwa lote na kurudi. Inakwenda kama uzi uliovutwa! Nikisema kushoto, ni kushoto. Mifereji tunaikata kama haipo. Niliimba njia nzima, nikaingia ndani bado naimba. Sirkka akauliza kama nimejigonga kichwa.

Jumapili ya Pasaka, 31 Machi

Ushindi!

Kalervo alitangulia. Kwenye kona ya gati pikipiki yake ilishika mfereji wa zamani, ikatikisika, na glavu ya Kaisla ikanywa kahawa. Kisha mimi. Kwenda, kuzunguka, kurudi. Hata tone! Mama mkwe Impi, aliyekuwa barazani na darubini ya kuwindia, akatangaza kwamba kikombe kilikuwa kitupu: Kaisla aliimaliza kahawa kabla sijaondoka, kwa hofu. Kaisla hakukana. Alisema tu kwamba mgongoni kwangu hakuyumba. Nimechaguliwa!

Ili Kalervo asinune, amepewa kazi ya kumwingiza bibi harusi kanisani, mkono kwa mkono. Nimekubali kwa moyo mkunjufu. Hatua chache juu ya zulia, nani anashindwa? Ingawa niliona Sirkka akifuta macho aliposikia, na sikujua analia kwa ajili ya nani. Kazi hiyo ilikuwa ya baba yake mtoto. Nilidhani kama si baba, basi baba mdogo. Lakini basi. Mimi ni dereva.

Jambo dogo la kiufundi. Kwenye theluji ngumu skii pana hung'ang'ania, na usukani unakuwa mzito kama kugeuza ng'ombe asiyetaka kukamuliwa. Jioni mikono ilikataa kupanda. Mämmi mbele yangu, ule uji mweusi wa Pasaka ninaoungoja mwaka mzima, na kijiko hakifiki mdomoni. Nikasema sina hamu. Impi akala na wa kwangu.

Jumanne, 2 Aprili

Sirkka amefungua boksi.

Kumbe jiko lilikuwa la Kaisla. Ijumaa jioni wanawake wa ukoo wanamwogesha bibi harusi katika sauna ya ziwani, na Sirkka alitaka lifungwe leo. Nilimkuta amekaa stoo, gogo mkononi. Akaniuliza hili linawashiwa upande gani. Kisha akanyamaza. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo ulikuja wakati wa supu.

"Oiva, dada yangu hayupo. Kitu kimoja nilichotaka kumfanyia mtoto wake ni maji ya moto na mvuke mzuri. Jiko liwepo kabla ya Ijumaa, au wewe na skii zako mhamie bandani."

Sikumaliza supu. Nikaenda kwa Eetu. Amekwisha kulifunga, mawe juu, moto ndani. Kulitoa hakutaka hata kusikia, ila alinikaribisha nioge. Nikaoga. Jiko zuri mno! Sirkka anajua kuchagua vitu.

Nikarudi na wazo. Impi ana jiko kuukuu katika kibanda chake juu ya kilima, lakini huko theluji ni ya kifuani, laini kama unga. Kalervo alijaribu kwanza na skii zake nyembamba, akazama kabla ya kuupita msonobari wa pili. Mimi nikaelea! Kama bata! Nikampakia Kalervo nyuma, tukapanda mpaka mlangoni, tukalipakia jiko kwenye sleji, kile kigari kisicho na magurudumu kinachofungwa nyuma ya pikipiki, nikaliburuta mpaka ziwani. Limefungwa. Linatoa mvuke wa kumtoa mtu dhambi.

Nikamwonyesha Sirkka hesabu ilivyo: bila skii tusingelipata jiko hili. Akasema bila skii tusingelihitaji. Haoni picha nzima.

Halafu Kalervo. Kabadilisha zile kucha za chuma chini ya skii zake zilezile, kwa gharama ya pakiti chache za kahawa. Sasa anakwenda bila kuyumba kama mimi. Alikuja mwenyewe kunieleza, taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. Bahati tu.

Jumamosi, 6 Aprili

Niandike upesi.

Joto limeingia tangu juzi. Maji yamekaa juu ya barafu, chini ya theluji, hayaonekani. Kaisla alikaa kwenye sleji yangu juu ya ngozi za kulungu, gauni jeupe, maua mkononi, viatu vya harusi mfukoni. Kalervo akafuata na pikipiki yake. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama mbele ya kanisa ng'ambo.

Katikati ya ziwa nikasikia injini ya Kalervo inapiga mayowe. Nikageuka. Amezama kwenye maji ya theluji mpaka magotini. Sisi tunapita juu kama bata! Nilijua! Nilijua tangu siku ya kwanza!

Ningekwenda moja kwa moja mpaka mlangoni, kila kitu kingekuwa sawa. Lakini watu walikuwa wengi, na jua lilikuwa linapiga kwenye zile skii. Nikaona niwakatie kona moja ili waone zinavyoshika. Zilishika! Pikipiki iligeuka kama iko juu ya reli. Sleji haikugeuka. Sleji haina skii za aina hiyo.

Nilipotazama nyuma, Kaisla alikuwa amekaa kwenye theluji, wima, maua juu, shela imemwangukia puani. Nilikimbia. Nikapiga magoti, nikaanza kumpangusa theluji.

"Baba mdogo, niinue," akasema. "Baba angekuwepo, angeikata kona hiyohiyo. Na angeikata kwa kasi zaidi."

Kisha akaanza kucheka, na mimi nikaanza kulia, wala sijui kwa nini nililia mimi badala yake.

Nikamkabidhi kwa Sirkka. Mchungaji alitazama saa. Bwana harusi alimtazama mchungaji. Kaisla akasema hataingia bila mjomba wake. Kwa hiyo nikarudi ziwani, nikamfunga Kalervo kamba, nikamvuta mpaka nchi kavu. Alikuwa amelowa hadi mapajani, midomo ya buluu. Tukafika mlangoni. Hapo akazitazama skii zangu.

"Shemeji, ni nzuri," akasema. "Ila dereva wake wangemuuza kando."

Kaisla akatoa mkono mmoja kwa Kalervo. Halafu akanipa mimi wa pili. Hakuuliza mtu. Tuliingia watatu, mlango ukawa mdogo, viatu vya Kalervo vikilia chwaa, chwaa, mpaka madhabahuni, na mimi nimejaa theluji hadi kwenye shati. Impi anasema tulionekana kama watu waliookolewa. Sirkka alinishika mkono ibada nzima. Ule unaouma kwa usukani. Sikuutoa.

Jumapili, 7 Aprili

Asubuhi nzima watu wanasimama uani kuuliza: skii hizo zina thamani ya gharama yake? Nawaeleza kwa haki. Theluji laini: ndiyo, mara mia! Njia ngumu: jiandae kulishwa na mkeo. Mtu akitaka tu pikipiki isiyumbe, atazame kwanza kucha za chini. Nasema hivyo kama wazo langu mwenyewe, na Kalervo, akipiga chafya kwenye ngazi, hakunipinga.

Sirkka kasema tatizo halikuwa skii bali mtu aliyekaa juu yake. Nimelitafakari hilo kwa unyenyekevu, kikombe kizima cha kahawa. Nimeona kosa liko wapi. Sleji! Kila kitu kilifanya kazi isipokuwa sleji. Sleji yenye skii zake pana, zenye uti, ingeifuata pikipiki kwenye kona kama mtoto anavyomfuata mama yake.

Na zipo! Nimeshazungumza na mtu wa kusini mwa ziwa. Pesa hataki, maana ameanza uvuvi. Anatafuta injini ya mashua, hata ikiwa imetumika. Kalervo anayo moja, iko kwenye banda lake lisilofungwa, na kwa homa aliyonayo hatatoka kitandani wiki nzima. Ziwa lote bado ni barafu. Mtu ana kazi gani na injini ya mashua?