Barua-Pepe za Kuomba Motere ya Kivuko cha Lubunga

Waheshimiwa machifu wa mitaa, waheshimiwa makamanda mliopo na mliotuma askari wawawakilishe, watumishi wa Mungu wa dini zote, ba papa, ba mama, ba tonton, wavuvi wa Lubunga, na ninyi nyote mliosahauliwa na itifaki lakini si na mimi: mbele yenu anasimama Évariste, Mratibu wa Tume ya Muda ya Kuwaandikia Wafadhili. (Makofi ya watu wa mbele.)

Bon. Tangu mabomu yaharibu motere, injini ya kivuko chetu, wajawazito wanavuka kwa mitumbwi kwenda kujifungua hospitalini ng'ambo, na hata sasa ninaarifiwa kwamba Précieuse, binti wa mkunga wetu Mama Kadidja, ameshikwa na uchungu hapa kando ya mto, na mitumbwi yote imechukuliwa na askari isipokuwa ule ulionileta mimi. (Mama Kadidja: "Papa, utukopeshe mutumbwi yako.") Tutafika hapo, mama, kila jambo na programu yake.

Donc, tumebuni stratégie ya barua-pepe mfululizo kwa wazungu tusiowajua na wasiotujua. Ya kwanza ilisalimia. Ya pili, ambayo sisi wataalamu tunaiita relance, iliuliza kama ya kwanza ilifika salama, na kama watoto wanaendelea vizuri shuleni. Ya tatu iliwapa pole ya baridi. Na sasa mmoja, wa Bruxelles kule Ubelgiji, ametujibu, akiuliza sisi ni nani na tunataka nini. Kwa hesabu ya waliojibu, hayo ni mafanikio ya asilimia mia moja. (Kicheko nyuma.)

(Mama Kadidja: "Na motere, mulimuomba katika barua gani?")

Mama, wewe ni mutu wa hapa. Mutu hawezi kufika kwa watu siku ya kwanza na kuanza kuomba. Tuna adabu.

Lubunga, mbele! Relance, mbele! (Wachache: "Mbele.") Ninawashukuru kwa uvumilivu wenu, ambao ulinitia nguvu ya kumjibu yule wa Bruxelles, kwa niaba yenu nyote na kwa heshima zote, kwamba hatuna shida ya kitu chochote, tulikuwa tunamsalimia tu. (Mama Kadidja anaondoka kuelekea mtoni.)

Alors, naomba njia nirudi mjini. Mbona Précieuse amelazwa ndani ya mtumbwi wangu? Mpiga kasia, rudi. Mama Kadidja, mimi nitavuka na nini?

(Mama Kadidja, kutoka mtoni: "Tutakuandikia, papa.")